Tulimngoja Mama kwa Njia ya Nyuma

Kila mwaka, mvua za mwisho zinapokatika na watu wa Kitale wakaanza kuanika mahindi kando ya barabara, harufu yake hunipata kabla sijaingia mjini. Ni harufu ya punje ambazo hazijakauka sawasawa, tamu kidogo, chachu kidogo, na ndani yake vumbi la magunzi linalokwama kooni. Watu wengi wa kwetu huipenda. Kwao ni harufu ya karo ya Januari na nguo za Krismasi. Mimi huifungia dirisha. Mwenye kuniona hudhani ninaogopa vumbi, nami humwacha adhani hivyo, maana nikianza kumweleza itanibidi nianzie mbali, mtaa wa Tuwan, katika nyumba ya vyumba viwili vya kupanga, miaka ya themanini ikielekea ukingoni, nilipokuwa darasa la nne na nikijiona mtu anayejua Kiingereza.

Nyinyi acha niwaeleze.

Baba alikuwa fundi wa trekta. Alikuwa mtu wa mlimani, Msabaot wa Kapsokwony, mrefu, mpole, mwenye mikono ambayo sabuni ya kipande haikuwahi kuitoa dizeli. Mama alikuwa Mbukusu wa Kamukuywa. Alifuma sweta za shule kwa mashine iliyokuwa karibu na dirisha, na mchana kutwa ungesikia kile kitoroli chake kikienda na kurudi, krrr, krrr, hata ukilala unakisikia. Tulikuwa watoto wawili, mimi Nekesa na mdogo wangu Saimoni, ambaye hakuwa ameanza shule. Na tuliishi na Anti Rosa, mdogo wake Mama, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye alikuja kukaa nasi wiki moja akapitisha miaka.

Baba na Mama walielewana kwa Kiswahili, kwa kuwa hakuna aliyejua vizuri lugha ya mwenzake. Lakini palipokuwa na jambo la watu wazima, walihamia Kiingereza. Kiingereza kilikuwa kabati la juu la nyumba yetu, mahali pa kuwekea vitu ambavyo watoto hawatakiwi kufikia. Saimoni alikuwa ameshagundua kwamba mara nyingi Kiingereza kilihusu biskuti, kwa hiyo kila kikianza kuzungumzwa alikuja akasimama katikati ya chumba na viganja wazi. Walicheka mpaka wakampa. Mimi sikutaka biskuti, nilitaka maneno. Niliyakamata moja moja, nikalala nayo mdomoni, asubuhi nikampelekea mwalimu wetu wa Kiingereza anifungulie.

Jambo lililowarudisha kwenye Kiingereza mara nyingi kuliko yote lilikuwa Kuka. Kuka ndivyo Wabukusu wanavyomwita babu, na wangu mimi alikuwa baba yake Mama, mzee wa kanisa kule Kamukuywa, mtu ambaye sikuwahi kumtia machoni. Nilijua tu kwamba hakutaka Mama aolewe na mtu wa mlimani. Alikuwa amemwandalia chuo cha ualimu, na baada ya chuo, nyumba ya watu anaowajua. Mama aliondoka asubuhi moja bila kuaga. Tangu siku hiyo Kuka hakuwahi kukanyaga kwetu, wala Mama kwake.

Jioni moja Mama alikuwa amelia. Alidhani hatukuona. Anti Rosa alikuwa akichambua sukuma wiki, akamwambia bila kuinua macho, "Give him time. He will come round."

Nililibeba hilo. "Come round." Nilijua "come" ni kuja. Nilijua "round" ni mviringo, kwa sababu tulikuwa tumechora. Asubuhi nilimfuata mwalimu kabla kengele haijalia, nikamuuliza. Alikuwa mama mnene, mwenye subira, na chaki ilikuwa imemjaa mpaka nyusini. Alifikiri kidogo.

"Mtu akikwambia I will come round, anasema atakuja kwako kukusalimia. Atapitia nyumbani. Umeelewa?"

"Na mviringo?"

"Mviringo ni hivyohivyo tu, Nekesa. Kiingereza ndivyo kilivyo."

Hakukosea. Hiyo ni maana yake mojawapo, na mpaka leo ungemuuliza mwalimu mwingine angeanza na hiyohiyo. Lakini mimi sikuweza kuuacha mviringo. Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na kinjia kilichozunguka choo, kikapita kando ya ua wa miiba ya kaiyaba na tuta la sukuma wiki, kikaja kutokea kwenye mlango wa jikoni. Wageni wa heshima walipita mbele. Mtu mwenye aibu, au mwenye jambo, alizunguka. Nikaona mambo yote yamekaa sawa: Kuka atakuja kutusalimia, ila kwa vile amekosana nasi, atapitia nyuma.

Nilimwambia Mama. Alicheka mpaka akaacha kufuma, akashika mbavu. Halafu kicheko kikamwisha.

"Nani alikwambia Kuka anakuja?"

"Anti alisema. Ati he will come round."

Alinivuta, akaninyoosha kola ambayo haikuwa imekunjika. "Pengine sisi ndio tutaenda," akasema.

Tulienda Jumamosi moja, wakati wa mavuno, mimi na yeye peke yetu. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani, na ndani ya kikapu alikuwa na sweta nzito ya kijivu aliyoifuma usiku na usiku, ya mzee. Tulishuka sokoni Kamukuywa, tukatembea kwa miguu, na kadiri tulivyosogea ndivyo alivyozidi kunionyesha vitu: hapa tulikuwa tunateka maji, hapa nilianguka nikavunja mkono. Alikuwa anaongea kama msichana. Sikuwahi kumwona hivyo.

Kuka alikuwa kiwanjani, mahindi yameanikwa juu ya maturubai pande zote, naye akipiga gunia kwa fimbo ili punje zitoke kwenye magunzi. Alikuwa mfupi kuliko nilivyomfikiria. Mama alisimama penye ua, hakuingia.

"Mulembe, Papa," alimsalimia kwa Kibukusu. Akasema na maneno mengine, mengi, taratibu, ambayo sikuyaelewa yote.

Kuka alipiga gunia. Alipojibu, alijibu kwa Kiswahili, na hilo peke yake lilimfanya Mama akanyage nyuma hatua moja. Baba yake alikuwa akizungumza naye kwa lugha ya sokoni, kama anavyozungumza na mchuuzi.

"Umenisarimia. Nimesikia."

"Papa, nimekuja na mtoto. Huyu ni Nekesa. Nilimpa jina la mama yako."

Fimbo ikasimama. Alinitazama kuanzia miguuni mpaka usoni, akatulia pale usoni muda mrefu. Mdomo wake wa chini ukawa unachezacheza. Nilidhani anatafuna kitu. Nilifikiri, sasa ataniita. Badala yake alimtazama Mama na kusema, "Hapa hakuna pa kurara. Urisema una kwako. Rudi kwako." Akaendelea kupiga gunia.

Mama aliiweka ile sweta juu ya ua, ikaning'inia pale kwenye miiba kama mtu aliyekata tamaa. Tukaondoka. Hakulia njiani.

Jua lilikuwa limeshakwenda na magari ya Kitale hayakuwepo tena, kwa hiyo tulilala kwa mjane mmoja aliyemfahamu Mama tangu utoto, jikoni kwake, karibu na bwawa la mto. Mbu walikuwa wengi, wanavuma kama mashine ya kusagia iliyo mbali. Mama alinifunika leso yake yote, kuanzia utosini mpaka vidoleni, akaniambia nisitoe hata pua. Yeye alikaa kando yangu, ameegemea ukuta. Asubuhi mikono yake ilikuwa imejaa vipele. Nilipomuuliza alisema, "Mbu wa Kamukuywa wananijua. Wamekuja wote kunisalimia." Tukacheka, mimi na yeye, tukila viazi vitamu vya yule mjane.

Haikupita mwezi. Alianza kusema anasikia baridi, akavaa sweta za watoto wa shule zilizokuwa zinangoja wenyewe, moja juu ya nyingine. Kitoroli cha mashine kikanyamaza. Siku ya pili yake alikuwa akiongea na mama yake, ambaye alikufa zamani, na alikuwa akiongea Kibukusu. Siku iliyofuata mwili wote ulikakamaa, macho yakageuka, na alipolegea hakuitika tena. Baba alimbeba mikononi kama mtoto mpaka kwenye pikapu ya jirani. Kiatu chake kimoja kilianguka mlangoni. Nilikiokota nikakipanguza, nikakiweka chini ya kitanda upande wake.

Watoto hawakuruhusiwa wodini. Tuliachwa na jirani yetu, Mama Sara, na tulichojua ni kile kilichorudi na Anti Rosa na Baba walipopokezana hospitalini. Walipokezana mlangoni, wamesimama, na kwa Kiingereza. Saimoni alikuja na viganja vyake wazi. Safari hii hakuna aliyemwona.

"Has she come round?" Baba aliuliza.

"Not yet," Anti Rosa akasema.

Nilikuwa nikiosha vikombe. Sijui kama mnaweza kuielewa furaha iliyonipata. Nililijua neno hilo! Nilikuwa nimelilipia, nimelipeleka kwa mwalimu na kulirudisha. Mama hajafika bado, lakini anakuja, na anakuja kwa kuzunguka. Na kwa nini azunguke? Kwa sababu ya Kuka. Bila shaka alikuwa amepitia Kamukuywa kumchukua, na Kuka ana aibu, kwa hiyo watapita nyuma wote wawili. Kila kitu kilikuwa kimejieleza chenyewe. Nilishangaa tu kwamba wakubwa walikuwa na nyuso ngumu kiasi kile juu ya habari njema.

Asubuhi nilichukua ufagio nikafagia kinjia chote, kuanzia chooni mpaka mlango wa jikoni. Niliyaondoa magunzi na mifupa iliyoachwa na mbwa. Nilimwogesha Saimoni, nikampaka mafuta mpaka akang'aa, nikamwambia Mama anakuja kwa njia hii. Alikaa juu ya debe lililofunikwa kifudifudi, miguu haifiki chini, akitazama pembe ya choo. Kila mpangaji aliyetokea pale, Saimoni aliruka. Jioni ilipofika alisinzia palepale, nikamshika asianguke. Kesho yake tukakaa tena. Mama Sara alitutazama kupitia dirishani kwake, kisha akafunga pazia, na mimi nikadhani ni mkali.

Anti Rosa ndiye aliyetukuta. Alikuwa amekuja kubadilisha nguo.

"Mnafanya nini huku nyuma kwa baridi?"

"Tunamngoja Mama," Saimoni akasema.

"Kwani nani aliwaambia anakuja?"

"Si nyinyi mlisema," nikamjibu, nikiwa na fahari kidogo, "ati she has not come round? Basi tunangoja a-come round."

Alifunika mdomo kwa kiganja. Alitutazama, Saimoni na mafuta yake, na ufagio, na kinjia kile kisafi, akageuka haraka akaingia ndani. Baada ya muda alitoka Baba. Aliketi chini, palepale kwenye udongo, mgongo kwenye ukuta wa mabati. Hakuwa amenyoa.

"Neke," akasema. "Hilo neno. Maana yake hapo si kuja."

"Mwalimu alisema ni kuja."

"Ni kuja, ndiyo. Lakini kuna nyingine. Mtu akiwa... akiwa amezimia. Halafu aamke. Hiyo pia wanaita hivyo."

"Kwani Mama amelala?"

"Amelala."

"Hata mchana?"

"Hata mchana."

"Si mumwamshe."

Baba alifungua kinywa. Nilimwona akitafuta, macho yakienda huku na huku kama mtu anayetafuta spana kizani. Mwishowe alisema, kwa Kiingereza, kwangu mimi, mtoto wake, "We have tried." Akainuka, akambeba Saimoni mabegani, akaingia naye ndani. Mimi nilibaki. Nilikuwa nimemsikia, na sikuwa nimeacha kabisa kungoja. Nilijiambia kwamba neno lenye maana mbili linaweza kuzitimiza zote mbili: ataamka, halafu atakuja.

Anti Rosa alikuwa amepeleka habari Kamukuywa. Kuka alifika asubuhi, nikiwa peke yangu kule nyuma nikitupa maji ya vyombo. Mtu wa mtaani alikuwa amemwelekeza njia ya mkato, kwa hiyo alitokea pale penye choo, ameshika kofia mkononi, suruali imerowa umande mpaka magotini. Na alikuwa amevaa sweta ya kijivu. Miiba ilikuwa imeuvuta uzi wa bega lake moja.

Moyo wangu ulipiga kelele. Nilichungulia nyuma yake. Niliuacha mlango, nikakimbia mpaka pembeni mwa choo, nikaangalia kinjia chote mpaka barabarani. Kulikuwa na kuku wa Mama Sara tu.

"Unatafuta nani, Kukhu?" Kuka aliniuliza. Kukhu ni bibi. Aliniita kama watoto wake walivyomwita mama yake, ambaye jina lake nilikuwa nimelibeba.

"Hukuja na Mama?"

Aliniwekea mkono kichwani. "Nipereke kwake," akasema. "Tafadhari. Nipereke."

Sikuruhusiwa kumpeleka. Baba alimpeleka. Walitoka pamoja bila kusalimiana, mmoja mrefu, mmoja mfupi, kila mmoja upande wake wa barabara.

Yaliyotokea hospitalini niliyasikia jioni hiyo, na niliyasikia kwa namna ambayo sitaisahau nikiwa hai. Anti Rosa alirudi pamoja na mwalimu mwenzake aliyekuwa amemshika kiuno. Aliketi jikoni kwenye kigoda. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, kitandani, namlaza Saimoni. Alisimulia kwa Kiingereza, kwa sababu sisi tulikuwa nyumbani. Alisema mzee aliketi miguuni pa kitanda, akaushika unyayo wa Mama kwa mikono miwili, akazungumza naye Kibukusu kuanzia alipofika mpaka jua lilipogeuka. Alimwita majina ya utotoni. Alimwambia nyumba ina nafasi. Alimwambia aamke waende.

Halafu sauti ya Anti Rosa ikawa nyembamba kama ya mtoto.

"He came round," akasema. "She didn't."

Nililala pale, mkono wangu mgongoni kwa Saimoni, na safari hii sikuhitaji mwalimu. Hayo ni maneno matano tu, na mimi nilikuwa mtoto wa darasa la nne, lakini nilielewa kila kitu kilichokuwa ndani yake: kwamba neno lile lilikuwa na maana ya tatu, ya mtu kulegeza moyo wake baada ya kuushupaza, kwamba Kuka alikuwa amelitimiza hilo, na kwamba Mama hakulitimiza lake, wala hatalitimiza. Hakuna aliyekuja kutuambia usiku huo. Walidhani hatujui. Nilikaa na habari hiyo peke yangu mpaka kulipokucha, nikasimama mbele ya Baba ambaye alikuwa anatafuta pa kuanzia, nikamwambia, "Najua."

Tulimzika kwa Baba, Kapsokwony. Barabara ilikuwa ikiteleza, gari likakwama kwenye mlima, na wanaume wakashuka wakasukuma. Kuka alisukuma pamoja nao kwa viatu vyake vya kanisani. Hakuwa amewahi kupanda mlima ule maishani mwake. Kaburini, udongo ulipoanza kurudishwa, alimwendea Baba, akanyoosha mkono, akasema kwa sauti ambayo watu wote walisikia, "Mkwe wangu."

Baba aliutazama mkono ule. Kisha akainama, akachukua jembe, akaendelea kufukia.

Mzee alibaki na mkono wake hewani. Wanawake wa Kisabaot waliokuwa karibu waliangalia pembeni. Nilimsikia Anti Rosa akimnong'oneza mwenzake, kwamba naye huyu apewe muda tu, he will come round, na nikatamani kuziba masikio.

Ilichukua miaka. Baba hakumtaja mzee kwa ubaya, hakumtaja kabisa. Kuka aliteremsha mahindi kwetu kila mavuno, gunia moja, akimwachia Mama Sara, na Baba alilipokea bila kuuliza limetoka wapi. Miaka ya tisini ilikuwa imeshaingia, mimi nikiwa kidato cha kwanza, Baba alipovaa koti lake asubuhi moja na kusema, "Twende tukamwone mzee." Sikumuuliza kilichobadilika. Pengine hakuna kilichobadilika ila uchovu. Walikaa kiwanjani, wakazungumzia bei ya mbolea na trekta za siku hizi zinavyoharibika upesi, na Baba alipoaga, Kuka alimsindikiza mpaka sokoni. Baada ya hapo likizo zetu zote zilikuwa Kamukuywa.

Kuka alinifundisha Kibukusu. Hakuongea nami Kiswahili tena, hata nilipokosea, hata nilipomwomba. Ilikuwa ni mwaka wake wa mwisho aliponiuliza jambo ambalo nadhani alilizungusha kinywani kwa muda mrefu. Tulikuwa tukitenganisha maharagwe mabovu na mazima.

"Siku ile mlilala kwa yule mjane," akasema. "Kulikuwa na mbu?"

Hakuna daktari aliyewahi kutuambia ni mbu gani. Malaria ya ubongo, walisema, na mtu anaweza kuumwa popote. Lakini mimi mwenyewe nilikuwa pale jikoni. Nililala ndani ya leso, na mikono ya Mama niliiona kulipokucha. Kuka hakunitazama. Alikuwa ameshika harage moja, analigeuza, analigeuza.

"Hapakuwa na mbu, Kuka," nikamwambia. "Tulilala vizuri. Alinisimulia mambo ya utoto wake. Alikuwa anacheka."

Alitikisa kichwa kwa muda mrefu. Kama aliniamini, sijui. Alinishukuru, kwa neno ambalo Wabukusu humwambia mtu aliyewapokea mzigo njiani, na tukaendelea na maharagwe yetu.

Kwa miaka mingi nilimwonea uchungu Baba, na Anti Rosa pia, kwa ajili ya kile Kiingereza chao. Niliwaona kama watu waliotufungia mlango, tukamngoja Mama kwenye baridi siku ambazo tungeweza kuambiwa ukweli. Nilipokuwa mkubwa, na mimi nikapata wangu wa kuwauguza, ndipo nilipofahamu kwamba hawakuwa wakitukimbia sisi. Katika lugha ile ngeni waliweza kulitamka jambo na bado wakasimama kwa miguu yao. Kwa Kiswahili lingewaangusha. Kwa Kibukusu na Kisabaot, lugha walizonyonyeshewa, halikuwa likisemeka hata kidogo.

Mwaka jana nilipanda Kapsokwony kumtazama Baba. Amezeeka sasa, haoni vizuri, anapenda kukaa nje penye jua akiwa amefunikwa blanketi miguuni. Tulikuwa hatuzungumzi jambo lolote kubwa. Alianza tu, kama mtu anayeendeleza mazungumzo ya jana, kunisimulia ile siku ya hospitali. Alisimulia kwa Kisabaot. Aliniambia jinsi nywele za Mama zilivyokuwa zimesukwa, na upande gani wa kitanda dirisha lilikuwa, na jinsi alivyomwita. Alipofika mwisho alisema neno moja, lile la kawaida, ambalo watu wa mlimani hulitumia kila asubuhi kwa watoto wao wanaochelewa shule. Alisema hakuamka.

Alilisema mara moja, kisha akauliza kama ng'ombe wameshanyweshwa. Nikamjibu bado. Nikainuka kwenda kuwanywesha.